Gesi Jikoni, Mkaa Uani

Katika nyumba nyingi zilizojengwa Dodoma miaka hii ya karibuni, upande wa Ilazo, Kisasa, Iyumbu au Nzuguni, mtungi wa gesi umekuwa kitu cha kawaida jikoni. Zunguka nyuma ya nyumba hizohizo siku ya sikukuu, utakuta nyama inachomwa kwa mkaa. Mwenye nyumba ni yuleyule, kipato ni kilekile, na mtungi uko hatua chache kutoka kwenye wavu. Swali la uchambuzi huu ni kwa nini gesi imeingia jikoni lakini haijafika uani, na ni dalili zipi za kutazama kwa anayetaka kujua kama itafika.

Ukiuliza, jibu la haraka ni ladha: nyama ya gesi haina utamu. Jibu hilo tutalipima, lakini si sasa. Likitangulizwa hufunga mjadala kabla ya kuchunguza mambo mengine, na mengine hayo, kama tutakavyoona, ni mazito kuliko ladha.

Tuanze na maneno. Gesi inayozungumzwa hapa ni gesi ya mitungi, ambayo nyaraka za serikali huiandika LPG. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo zikigandamizwa hugeuka kimiminika na kuweza kubebwa mtungini. Isichanganywe na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo sehemu yake kubwa ni methani na husafirishwa kwa bomba. Bomba kubwa la kutoka Mtwara, lililokamilika mwaka 2015, linaishia Dar es Salaam. Kwa hiyo mkazi wa Dodoma anapowasha gesi, hawashi gesi ya nchini mwake. Anawasha bidhaa iliyoletwa kwa meli kutoka nje, ikashushwa pwani, kisha ikapandishwa uwanda wa juu kwa lori, mwendo wa karibu kilomita 450 kutoka Dar es Salaam.

Jiko la gesi la kuchomea nyama nalo lina sehemu zake. Chini kabisa kuna vichomeo, yaani mabomba membamba yenye matundu ambamo gesi hutoka ikiwaka. Juu ya vichomeo kuna mabamba ya chuma yaliyokunjwa. Kazi ya bamba ni kupokea joto na kulisambaza, na pia kuzuia mafuta yasidondokee matundu na kuyaziba. Juu ya bamba kuna wavu, na juu ya wavu kuna mfuniko. Mfuniko ukifungwa, jiko hilo hugeuka kuwa oveni inayowaka kwa chini. Kati ya mtungi na vichomeo kuna mpira na kidhibiti presha, ambacho mafundi wanakiita regyuleta. Kifaa hicho kidogo tutakirudia mbele.

Sasa tutazame mwenendo wa soko la gesi yenyewe. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo lake kuu ni kwamba kufikia 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Pa kuanzia palikuwa chini sana: takwimu inayotajwa kwa mwaka 2021 ni asilimia 6.9. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nao ukaanza kusambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Ukiongeza ukuaji wa Jiji la Dodoma, ambalo sensa ya 2012 ililihesabia watu 410,956 na ile ya 2022 watu 765,179, unapata soko la gesi linalosukumwa na mambo mawili kwa pamoja: sera, na watumishi waliohamia makao makuu baada ya tangazo la Julai 2016 la kuhamishia serikali Dodoma, wengi wao wakitokea Dar es Salaam wakiwa wamezoea mtungi tayari.

Lakini kuwa na mtungi si sawa na kuacha mkaa. Kaya nyingi za mjini hutumia nishati zaidi ya moja, na huzigawa kwa aina ya chakula. Gesi ni ya chai, mayai, kupasha kiporo na wali wa haraka. Mkaa ni wa maharage, makande, kwato na chochote kinachokaa motoni kwa saa nyingi. Mgawanyo huu una hesabu ndani yake. Mpishi anaona mtungi unavyopungua, naye hukwepa kuuweka chini ya sufuria isiyoiva. Anayesoma takwimu za mauzo ya mitungi bila kuujua mgawanyo huu atadhani mkaa umeondoka, kumbe umepewa kazi nyingine. Nyama choma iko upande wa mkaa wa mgawanyo huo, pamoja na maharage. Ni muhimu kulishika hilo: kwa mpishi wa Dodoma, nyama choma si starehe ya aina ya pekee yenye kanuni zake. Ni chakula kimojawapo kinachochukua muda.

Hapa inafaa kutazama kidogo kule ambako jiko la gesi la uani ndilo lililotawala, yaani Marekani, kwa sababu mfuatano wa matukio ulikuwa tofauti na wetu. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers karibu na Chicago, alitengeneza jiko la mkaa la duara lenye mfuniko, na jina la Weber likawa kubwa. Majiko ya gesi ya kuhamishika yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kampuni ya gesi ya Arkansas Louisiana ilikuwa na mkono katika kuyaunda. Mwaka 1985 Weber wakatoa jiko la gesi walilolipa jina Genesis, na tangu hapo gesi ikazidi kuupita mkaa uani. Angalia hapo kitu kimoja. Wakati jiko la gesi linafika uani kwa Mmarekani, jikoni kwake hakukuwa na mkaa tena kwa muda mrefu. Alikuwa anapika kwa gesi ya bomba au umeme. Mkaa kwake ulikuwa kitu cha kununua makusudi kwa ajili ya Jumapili, na gesi ilipokuja ilimwondolea safari na majivu.

Huko kwenyewe soko hilo limeyumba miaka ya karibuni. Wakati wa korona watu walikaa nyumbani wakanunua majiko kwa wingi. Weber wakaingia soko la hisa Agosti 2021, na mauzo yakashuka mwaka uliofuata, kwa kuwa aliyenunua jiko 2020 hana sababu ya kununua jingine 2022. Mapema 2023 kampuni ikatolewa tena sokoni na kubaki mikononi mwa wawekezaji binafsi. Hiyo ndiyo tabia ya bidhaa inayodumu: mauzo makubwa ya leo huwa yamekopwa kutoka kesho. Wakati huohuo wanunuzi wa huko wamekuwa wakivutwa na majiko yanayochoma vipande vidogo vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, na mengine yenye bamba pana badala ya wavu. Hata huko, basi, hoja haijafungwa.

Turudi Dodoma, na tuanze na nyama, maana jiko huchaguliwa kwa kufuata kinachochomwa. Nyama inayochomwa uwanda wa kati ni ya mbuzi na ng'ombe wa asili. Ni wanyama waliokula majani makavu, wakatembea umbali mrefu kufuata maji, na wengine wakatembea tena kwenda mnadani. Mnada wa Msalato, kaskazini ya mji, unajulikana kwa biashara hiyo, na watu huufuata siku ya mnada kwa ajili ya choma kama wanavyoufuata kwa ajili ya mifugo. Nyama ya mnyama kama huyo ina ladha nzito na nyuzi ngumu. Hukatwa mapande makubwa yenye mfupa, huchomwa polepole kwa moto wa wastani, na saa moja si muda mrefu kwake. (Nyama laini ya ranchi ya Kongwa ni habari nyingine.) Majiko ya gesi ya Marekani yalibuniwa kwa ajili ya kipande chembamba cha nyama laini, au nyama ya kusaga iliyofinyangwa, vitu vinavyoiva kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayozaa tofauti ya hesabu.

Hebu tuifanye hesabu yenyewe. Jiko la gesi la ukubwa wa kati lenye vichomeo vitatu, vikiwaka vyote kwa nguvu, hutumia nguvu ya karibu kilowati 9. Kwa saa moja hiyo ni megajuli 32 hivi. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina takriban megajuli 46. Kwa hiyo moto mkali wa saa moja unakula gramu 700 za gesi. Tuchukue choma ya saa moja na nusu: dakika 20 za mwanzo moto wote, kisha dakika 70 nusu ya moto. Sehemu ya kwanza ni gramu 230, ya pili ni karibu gramu 410. Jumla ni gramu 640, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya mtungi wa kilo 6.

Je, hiyo ni nyingi? Ilinganishe na chai. Kuchemsha lita moja ya maji hapa Dodoma, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kunahitaji takriban kilojuli 310. Tukikadiria kwamba nusu ya joto la jiko la gesi ndilo linaloingia kwenye sufuria, tutatumia gramu 13 au 14 za gesi. Choma moja, basi, inakula gesi ya kuchemshia zaidi ya lita 45 za maji. Mama wa nyumba hahitaji kuzijua megajuli kuliona hilo. Analiona pale mtungi uliotarajiwa kufika mwisho wa mwezi unapozimika siku kadhaa mapema.

Na kwa pesa? Bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ambayo makao yake yapo hapahapa Dodoma, lakini gesi ya mitungi haimo katika tangazo hilo la bei kikomo. Hivyo inabidi kila mtu atumie bei ya dukani kwake. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kujaza mtungi wa kilo 6 ni shilingi 24,000. Kila kilo ni shilingi 4,000, na choma yetu imegharimu shilingi 2,560. Tuseme mkaa, kwa kupima, unakufikia kwa shilingi 1,000 kilo moja, na choma hiyohiyo inahitaji kilo 2. Hiyo ni shilingi 2,000. Msomaji aingize bei za mtaa wake, na kwa sehemu nyingi atakuta vivyo hivyo: tofauti ipo, lakini si ya kumzuia mtu aliyekwisha kununua kilo tatu za mbuzi. Nimelikazia hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu gesi na mkaa hukwama kwenye bei ya nishati, na kwa upande wa choma bei ya nishati si kikwazo.

Kikwazo kiko kwenye vifaa na kwenye kipimo cha kununulia. Jiko la mkaa la kuchomea nyama ni pipa la mafuta lililokatwa katikati, likawekewa miguu na wavu na fundi wa kuchomelea vyuma. Hata hilo si lazima. Matofali manne na wavu vinatosha. Mkaa wake unanunuliwa kwa kopo, kwa ndoo au kwa gunia, kadiri ya shughuli yenyewe. Mtu anayechoma nyama mara moja kwa miezi miwili ananunua moto wa siku hiyo na habakiwi na deni. Jiko la gesi linataka ulipe mapema mara tatu: jiko lenyewe, ambalo huagizwa kutoka nje na halipatikani kwa bei ya pipa, mtungi, na gesi iliyomo. Ukishavilipia, vinakaa uani vikipigwa na jua na vumbi vikisubiri Krismasi, Idi au mgeni.

Halafu kuna suala la mtungi upi. Sokoni kuna mitungi ya kilo 6, 15 na 38, na kwa kawaida unabadilishana mtungi mtupu na uliojaa wa kampuni ileile, iwe Oryx, Taifa Gas, Lake Gas au nyingine. Ule wa kilo 6, ambao ndio ulioingia nyumba nyingi na ndio wa ruzuku, kwa kawaida huuzwa na kichomeo kinachofungwa moja kwa moja juu yake. Hauna mpira wala regyuleta. Kwa lugha nyingine, mtungi unaosambazwa kwa wingi umeundwa kwa ajili ya sufuria moja, na hauwezi kuunganishwa na jiko la uani bila kununua vifaa vingine. Hata ukiunganishwa, unakutana na kanuni ya fizikia: kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto kutoka kwenye chuma kinachokizunguka. Vichomeo vitatu vikivuta gesi kwa pamoja, mtungi mdogo hupoa haraka, presha hushuka, na moto hunywea. Usiku wa Juni au Julai, Dodoma ikiwa na baridi yake, na mtungi ukiwa umebaki robo, hali huwa mbaya zaidi. Jiko la uani linahitaji mtungi wa kilo 15, nao gharama yake ya kuanzia ni ya kundi jingine la wanunuzi.

Dodoma ina upepo pia, hasa miezi ya kiangazi. Upepo huo huo unaomfaa anayechoma kwa mkaa kwa kumpulizia makaa humsumbua mwenye gesi, kwa kuwa huyumbisha miali na mara nyingine huizima kabisa, huku gesi ikiendelea kutoka. Mfuniko unasaidia. Ila wachomaji wetu hawajazoea kuchoma wakiwa wamefunika. Wanataka kuiona nyama, kuigeuza, na kuonja kipande cha pembeni kabla ya wageni.

Tufike sasa kwa mshindani mkubwa wa jiko la uani, ambaye si jiko jingine la uani. Ni mchoma nyama wa baa. Mkazi wa Dodoma anayetaka choma Ijumaa jioni ana njia rahisi kuliko kununua kifaa chochote: anakwenda kwenye banda, anaonyesha paja au mbavu, linapimwa kwa kilo, anasubiri na wenzake, linaletwa limekatwakatwa pamoja na chumvi, pilipili, kachumbari na ndizi. Mchoma nyama amewasha moto wake tangu mchana. Amenunua mkaa kwa gunia. Kilo moja zaidi juu ya wavu ulio moto tayari haimwongezei gharama ya nishati inayoonekana. Gharama ya kuwasha moto, ambayo kwa mwenye nyumba hubebwa na mlo mmoja, kwake hugawanywa kwa wateja wote wa siku. Msimu wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji unapojaa wageni, wateja hao ni wengi. Hakuna jiko la nyumbani linaloweza kushindana na mgawanyo huo wa gharama.

Wauzaji wa majiko ya gesi hujibu kwamba wanachouza ni muda: unageuza kitufe, moto upo, hakuna kupuliza makaa nusu saa. Hoja ni ya kweli, lakini tuulize muda huo ni wa nani. Katika nyumba nyingi anayeagiza choma siye anayewasha mkaa. Anayewasha ni kijana wa nyumba, mdogo wa mtu, au dada wa kazi. Nusu saa yake haiingii kwenye hesabu ya anayelipia jiko. Jikoni mambo ni tofauti, kwa sababu anayeamka alfajiri kuchemsha chai ndiye anayeutaka mtungi, na katika nyumba nyingi siku hizi ana pesa yake ya kuununulia. Pengine hii ndiyo sababu iliyo chini ya zote, ingawa haitajwi: gesi ilipita haraka pale ambapo anayechoka na anayenunua ni mtu mmoja.

Na ladha? Mkaa ulioungua vizuri hauna moshi mwingi; sehemu kubwa ya moshi wa mti ilikwisha kutoka kwenye tanuri porini. Harufu tunayoiita ya mkaa hutokana zaidi na mafuta yanayodondokea makaa, yakaungua na kuirudia nyama. Jiko la gesi lenye bamba zuri hufanya kitu hichohicho, kwa kiasi kidogo. Tofauti ya kweli ni mbili. Makaa hutoa joto kali la moja kwa moja, linalokausha na kubabua uso wa nyama. Na gesi ikiungua huzalisha mvuke: kila kilo ya propani hutoa kilo 1.6 hivi za maji, ambayo chini ya mfuniko huubakiza uso wa nyama na unyevu. Kwa hiyo anayesema ladha si sawa hasemi uongo. Lakini ladha haikumzuia Mmarekani, aliyekuwa na mapenzi na mkaa kama sisi, kuhamia gesi mara tu mambo mengine yaliporuhusu. Ladha ni sababu ya kusitasita. Haitoshi kuwa sababu ya soko zima kukosekana.

Tumefuata mambo haya mpaka hapa ili tuweze kuamua. Naona hivi: jiko la gesi la uani halitakuwa bidhaa ya watu wengi Dodoma katika muda wa mkakati huu wa 2034, na si jambo la kusikitikia. Mkaa unapungua kwenye sufuria, na utaendelea kupungua kama bei ya gesi haitapaa. Kenya walipoirudishia gesi ya mitungi kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 Julai 2021, matumizi yalishuka 2022, na wakalazimika kuipunguza kodi hiyo na hatimaye kuiondoa. Sufuria zikihama, mkaa utabaki na kazi chache, na choma itakuwa mojawapo ya mwisho. Wakati huo, na si kabla, mtu ataona usumbufu wa kutafuta mkaa kwa ajili ya siku moja, na jiko la gesi la uani litakuwa na maana kwake. Mfuatano ni jikoni kwanza, uani baadaye.

Kwa mwenye kupanga sera hitimisho hilo lina uzito. Mkoa huu unaijua gharama ya ardhi iliyovuliwa miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka ili ardhi ipumzike. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hutokana na kilo 5 hadi 10 za mti, na miti ya nchi kame hii hairudi upesi. Lakini pima wapi mkaa unakwenda. Kaya inayopika kila siku kwa mkaa, hata kwa kilo moja na nusu tu, inatumia kilo 45 kwa mwezi. Ikichoma nyama mara moja kwa mwezi, choma hiyo ni kilo 2. Shilingi ya ruzuku iliyowekwa kwenye sufuria ya maharage, iwe kwa gesi au kwa jiko la presha la umeme, inaokoa miti mara nyingi zaidi ya ile itakayopigania mbuzi wa sikukuu. Mabaa yanayochoma kutwa ni hesabu tofauti, na kwao pengine mbadala ulio karibu si gesi bali ni mkaa mwingine, kama Rafiki Briquettes wa shirika la madini la taifa, STAMICO, unaotokana na makaa ya mawe, iwapo wachomaji wataridhika nao juu ya wavu.

Dalili za kutazama, kwa hiyo, hazimo kwenye maduka yanayoonyesha majiko yanayong'aa ya kutoka nje. Ya kwanza ni uwiano wa mitungi ya kilo 15 dhidi ya ile ya kilo 6 kwa mawakala wa mitaani. Ya pili iko kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Siku fundi wa Dodoma atakapoanza kukata pipa lilelile na kulitia vichomeo vya gesi badala ya kulitoboa matundu ya hewa, bei ya kifaa itashuka kwa namna ambayo hakuna mwagizaji anayeiweza. Hapo ndipo litakapokuja suala ambalo pipa la mkaa halikuwahi kulileta: chuma kilichochomelewa vibaya kwenye jiko la mkaa huangusha nyama tu, ilhali kiungo kinachovuja kwenye bomba la gesi huanza kuvuja kabla ya moto kuwashwa. Kazi ya kupima viungo hivyo, na kuweka kiwango cha fundi wa uchochoroni kukifuata, ingefaa ianze sasa wakati majiko hayo bado hayajawa mengi.